Nusu ya Benchi

Odeta alinipigia simu mchana nikiwa nakunja vitenge. Hakulia. Alisema, "Fura, papa amepumzika," akimaanisha baba yake, na upande wake nikasikia mtu anaburuta viti vya plastiki uani. Hapo nikajua ni kweli, maana kwetu viti vya msiba huletwa kabla machozi hayajaanza. Nilimuuliza kama amekula. Ndilo swali tulilokuwa tukiulizana mwaka ule tulipokaa nyumba moja, kila tulipokosa la kusema. Akajibu, "Apana." Nikamwambia naja, nikamaliza kitenge kilichokuwa mkononi, nikakikunja vizuri kuliko vyote vya siku ile, kisha nikafunga mzigo.

Sina umri wa kuuita mwaka ule zamani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo sijafika thelathini. Lakini kuna uchovu unaomzeesha mtu upesi, akafika mahali pa kumtazama yule binti aliyekuwa yeye mwenyewe, kama anavyomtazama mdogo wake. Ulikuwa mwaka wa maji. Gatumba, mtaa wetu nje kidogo ya Bujumbura, ilijaa, ikakauka, ikajaa tena, na ukuta wa chumba changu, wa matofali ya udongo, ukalainika kama ugali uliozidi maji. Uliangukia nje. Ungeangukia ndani nisingekuwa na cha kuandika. Odeta alikuwa jirani yangu sokoni karibu na mpaka, yeye na vitenge vyake, mimi na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani. Wenzangu waliwaita wateja kwa sauti. Mimi nilikaa nyuma ya fungu langu nikingoja wanione wenyewe. Odeta ndiye aliyeniitia watu: "Kuyeni muone ndagala ya bubu! Bubu haongope bei!" Maji yalipoingia mara ya pili alinikuta nimesimama barabarani na sufuria kichwani, akasema, "Kuya kwetu Kamenge. Kitanda iko. Na papa iko. Muchana mi niko sokoni, ye anabakia peke yake na ule mukono yake."

Sikuelewa maana ya mkono mpaka nilipouona. Papa Zefirini, baba yake Odeta, alikuwa mtu wa Uvira aliyevuka mpaka miaka mingi nyuma na kuishi kwa kupiga piano. Ugonjwa wa kupooza ulimpiga upande mmoja. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mkono wa kushoto haukurudi. Aliuweka mapajani, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Walikuwa na vyumba viwili nyuma ya hospitali kubwa, kwenye ua wa nyumba nyingi. Dirishani wanafunzi wa udaktari walipita wakibishana majina ya mifupa, na Papa aliwajibu kwa Kifaransa chake akijifanya mgonjwa wao. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne visivyofanana, na sinte, kinanda cha umeme, kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa kama vile wengine wanavyofunika televisheni. Mchana nilipika maharage na ndizi, au isombe, yaani majani ya muhogo, siku ya mawese. Tulikula bila maneno. Alikuwa mzungumzaji, lakini aliniona mapema, akaamua kunyamaza pamoja nami, na hiyo ilikuwa heshima ambayo sikuwa nimepewa na mtu mzima.

Siku moja, tulipokuwa tunamaliza kula, alikuja Mzee Nasoro. Huyu alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu, mwenye mkahawa kando ya ziwa, ambako Papa alipiga piano kila Jumapili mchana watu wakila mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga. Alileta tende kwenye mfuko. Niliondoka na sahani, nikasimama nyuma ya pazia, na kwa kuwa pazia si ukuta, nikasikia.

"Zefirini, ndugu yangu, wateja wanasema muziki umekonda."

"Umekonda aje?"

"Upande mmoja, wallahi. Kama mtu anayeongea na simu, sisi hatumsikii mwenziwe. Mwanangu anataka kuleta spika."

"Spika inajua bluzi?" Papa akauliza. Bluzi ndiyo muziki wake, wa polepole na wa huzuni.

"Spika haiugui," Mzee Nasoro akasema. Nadhani ilimtoka tu, kwa sababu alikohoa, akaanza kusifu tende. Mwishoni akasema, "Basi tungoje Ramadhani iishe. Inshallah mkono utaamka."

Alipoondoka Papa alikaa akitazama tende. Nilitoka kufuta meza. "We umesikia," akasema. Niliinamisha kichwa. "Sikiliza, mutoto. Bila Jumapili mi niko mugonjwa. Lakini nikiwa na Jumapili, mi niko mupiga piano mwenye anagonjwa. Unaona tofauti?" Niliiona. Hata mimi bila fungu la ndagala sikuwa muuzaji aliyefikwa na maji. Nilikuwa mtu wa maji tu, wa kupewa blanketi. Akaondoa kile kitambaa kwa mkono wake mzima. "Ule mukono hauamuke. Lete wako wa kushoto."

Nilikaa kushoto kwake, kwenye kiti kilichogusana na chake, na kwa wiki nyingi sikupiga ila vidole vinne au vitatu pamoja, tena na tena. Aliziita akodi, noti kadhaa zikilia mara moja. Noti, alisema, zina majina ya Kifaransa, do, re, mi, fa, sol, la, si, lakini nyingine zimevuka mpaka na kuwa watu wa kwetu. "La ni mwenye kukataa. Si ni ndugu yake. We unafahamu hao wawili vizuri, kila kitu unajibu *la* na *si mimi*. Sasa tunatafuta mi." Maana kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura, *mi* ndiyo mimi. Akanionyesha do, mi na sol zikilia pamoja. "Nani anafanya akodi hii icheke?" Sikujua. "Mi! Ni ye iko katikati. Ukimushusha kidogo, akodi yote inalia."

Kosa langu la kwanza lilitoka hapo. Siku iliyofuata nilikuwa napiga akodi ile, naye amefumba macho, akasema ghafla, "Fura, shusha mi." Nikaruka. Nilidhani amechoka kukaa, anataka ashushwe kitini. Nikamshika makwapani, nikamwinua mzee mzima kama gunia la mchele, yeye anapiga kelele, "Mi! Mi!" nami najibu, "Ndiyo, papa, nakushusha, nakushusha," mpaka tukafika wote wawili sakafuni, mimi chini, yeye juu. Odeta aliingia na mzigo wake wa vitenge, akatukuta hivyo. Papa alicheka mpaka tukaogopa kwamba ugonjwa umemrudia. "Nimemwambia ashushe noti," akasema akijifuta macho, "ameshusha mwalimu." Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote nyumbani akiomba kitu kiteremshwe, sufuria au mtoto wa jirani, mwingine lazima aseme, "Mi! Mi!"

Umeme ulikatika mara nyingi mwaka ule. Ulipokatika, Papa alichora vipande vya kinanda kwa mkaa pembeni ya meza, nikapiga mbao huku yeye akiimba sauti ambazo ningezipata. Odeta aliweka sahani juu ya akodi zangu bila huruma. "Ondoa fa, nipitishe mboga." Kwenye meza ile ndiko nilikofundishwa akodi tatu za bluzi. Do ni nyumbani, Papa alisema. Fa ni kwa jirani. Sol ni njia ya kurudi. Bluzi inakaa nyumbani, inatembelea jirani, inarudi nyumbani, inachukua ile njia, inafika. Lakini juu ya kila moja aliongeza noti ya nne, ya saba ukihesabu kutoka ya kwanza, iliyokwaruza kidogo. Nilimuuliza, na ilikuwa moja ya mara chache nilizouliza, kwa nini hata nyumbani kuna kitu kinachokwaruza. Kanisani do ilikuwa safi, ukifika umefika. Akafikiri. "Njo bluzi," akasema, yaani ndiyo bluzi yenyewe. "Hata nyumbani kunavuja. Na unakaa humo humo." Nilikuwa nimekwenda Gatumba wiki ile kutazama chumba changu. Maji yalikuwa usawa wa dirisha. Sikumwambia. Nilipiga do yenye kuvuja mpaka Odeta akataka meza yake.

Kilichokuwa kigumu ni mkono wa kulia, yaani kusema. Papa alitaka nijue na hilo, ingawa kazi yangu ilikuwa kushoto. Alisema kuna mi mbili katika bluzi. Kushoto, ndani ya akodi, iko mi inayocheka. Kulia unapiga mi iliyoshushwa, inayolia. Mtu akizisikia pamoja hajui kama anafurahi au anaumia, na asijue, ndivyo inavyotakiwa. Halafu mkono wa kulia unasema bila kuandikiwa. Nilimwambia sina la kusema. Akaniuliza, "Sokoni unauza aje?" Nikamweleza: nataja bei, mteja anakataa, nairudia bei ileile kwa sauti nyingine, anakataa, mara ya tatu nashuka kidogo, tunapatana. Akapiga meza kwa kiganja. "Voilà! Bluzi yote ni ile. Unasema, unarudilia, unashuka." Nikasema, "Lakini sokoni ni Odeta alikuwa anasema." "Njo maana ndagala zako zilikuwa zinaoza," Papa akasema, bila ubaya.

Baada ya Idi tulikwenda ziwani. Piano ya mkahawa ilikuwa ya mbao kweli, nzito, iliyonunuliwa kwa mzungu aliyehama, na benchi lake lilikuwa moja. Papa alikaa nusu ya kulia, mimi nusu ya kushoto, paja kwa paja, nikijificha nyuma ya bega lake. Mkono wangu ukaanza, wake ukajibu, nami nikahisi jambo ambalo sinte na meza havikuwa vimenipa: benchi lilitetemeka chini yetu wote wawili kwa wakati mmoja. Mzee Nasoro alisimama kaunta na tasbihi yake. Akaja, akamtazama Papa, akautazama mkono wangu, akasema, "Mashallah. Umeota mkono mpya." Hamisi, mhudumu, alinibatiza jina palepale. "Mamzeli Goshi!" aliita akipita na sahani. Mamzeli ni binti kwa Kifaransa, na goshi ni kushoto. Baadaye niliambiwa neno hilohilo ni la mtu asiyejua kujiweka mbele za watu. Sijui kama Hamisi alijua. Lilinikaa sawa pande zote mbili.

Tuliendelea hivyo kwa miezi. Nikiukumbuka mwaka ule, siukumbuki kama furaha; naukumbuka kama mgongo unaouma. Asubuhi maji ya kuchota, mchana kupika, akodi, kumkanda Papa mkono ambao hautaamka, Jumapili kusubiri basi lisilokuja kwa kukosa mafuta, kumshika mzee begani tukitembea kipande, kuketi na kupiga piano, nguo zikiwa zimelowa jasho. Watu walikula. Walizungumza juu ya bei ya sukari, juu ya harusi ya fulani ambayo nyama haikutosha, juu ya ziwa lililokuwa linapanda kila wiki. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe, karibu kabisa na sikio langu, "Huyu mzee anapiga vizuri siku hizi, ugonjwa umemfaa." Papa alisikia, akaweka noti ndogo ya kucheka juu kabisa. Hakuna aliyesema lolote juu ya mkono wa kushoto, nami niliona ni sawa. Nilikuwa nimepata fungu ambalo mtu mwingine aliliitia wateja.

Nilianza kuona kwamba mkono wa kulia nao unachoka. Alikuwa akipumzika mwisho wa kila mzunguko, kisha katikati yake. Nilirefusha akodi zangu kufunika mapengo. Nyumbani hakuna aliyelitaja. Odeta alimkatia nyama vipande vidogo na kuzungumza juu ya mambo mengine. Kisha ikaja Jumapili moja ya mvua. Maji yalikuwa chini ya mbao za baraza, yakizigonga kwa chini. Tulikuwa katikati ya bluzi ya polepole, tumetoka nyumbani, tumekwenda kwa jirani, tumerudi, na Papa akauondoa mkono wake kwenye piano. Hakuangusha noti wala hakugeuka. Aliuweka mapajani, juu ya ule mwingine, kiganja juu.

Niliendelea na kushoto. Mzunguko ukaisha, mwingine ukaanza, na juu hakukuwa na kitu. Nilijua muziki umekonda tena. Nilimwona Mzee Nasoro akiinua kichwa kaunta, na karibu naye mwanawe, yule wa spika. Nilimtazama Papa anisaidie. Alikuwa anatazama ziwa. Akasema taratibu, kama vile tuko mezani kwetu na umeme umekatika, "Nani anasema?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa benchi. Uliniuma kuufungua. Nikaupitisha mbele ya kifua chake, yeye akaegemea nyuma kidogo kunipa njia, nikagusa noti moja, ile mi iliyoshushwa. Ikakaa juu ya ile inayocheka kushoto. Nikangoja. Nikaigusa tena, kwa jirani sasa, nikaishikilia zaidi. Mara ya tatu, kwenye njia ya kurudi, nikashuka mpaka do. Ndiyo yote niliyosema. Mzunguko uliofuata nikaisema tena, na uliofuata tena, noti moja na kushuka, kama mtu anayejua bei moja tu. Hakuna aliyegeuka. Mtoto mmoja aliomba chipsi nyingine. Hamisi alipita na sahani, akapunguza mwendo, hakuniita Goshi. Yule kijana wa spika alirudi kwenye simu yake, na tasbihi ya baba yake ikaanza kutembea tena kidoleni.

Tulipomaliza, Papa alisema, "Mi yako iko chini kidogo." Nikadhani nimekosea. "Njo inatakiwa hivyo," akasema. "Twende tukule." Alikula mukeke mzima siku hiyo. Mimi nilikula mkia.

Ningependa kuandika kwamba Jumapili ile iliokoa nyingine zote. Iliokoa chache. Tulizipiga hivyo, yeye akiingia anapoweza, mimi nikisema anaponyamaza, na kila wiki nilisema kidogo zaidi. Kisha ziwa likapanda juu ya baraza na Mzee Nasoro akafunga mkahawa. Piano ilivimba, ukigusa noti moja, tatu zilishuka pamoja na hazikurudi. Mzee Nasoro alisimama ndani ya maji na suruali amekunja, akasema, "Zefirini, ndugu yangu, chukua chochote kilichobaki kizima." Papa alichukua benchi. Hamisi alilibeba kichwani mpaka barabarani. Baada ya hapo Papa alikuwa mgonjwa tu, kama alivyosema, kwa miaka. Nilihamia mtaa wa Carama, nikaanza biashara ya vitenge pamoja na Odeta, na Jumapili napiga kinanda kanisani, ambako kiongozi wa kwaya amenionya zaidi ya mara moja: "Dada Fura, akodi zako zinanuka baa." Nimejitahidi kuzisafisha. Ile ya saba inarudi yenyewe. Nilikuwa nikimtembelea Papa na kumkuta amekaa kwenye benchi lile karibu na dirisha, upande wa kulia, na sikuwahi kumwona amekaa katikati.

Siku ya kuondoa matanga, ua wa Kamenge ulijaa. Kijana wa kwaya alileta sinte yake, na Odeta akatoa benchi nje mwenyewe. "Ni Fura anapiga," aliwaambia watu. "Papa alisema hataki mutu mwingine." Nilikaa. Miguu iliniuma, nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi. Nikaweka mkono wa kushoto mahali pake. Mzee Nasoro, amekonda sana, alikuwa mstari wa mbele na fimbo yake.

Yule kijana aliinama kunitengenezea sauti, akaona nimekaa pembeni kabisa, nusu ya benchi iko tupu. Akanong'ona kwa adabu, "Dada, nani anakuya kukaa hapa?"

Nilitazama ile nafasi. Odeta naye aliitazama.

"Mi," nikasema.

Nikasogea. Upande ule ubao ulikuwa umebonyea kidogo, kwa kukaliwa.